Una ofisi ya ushonaji mtaani na wateja hawaji? Soma hii kabla hujalipia tangazo

Kila nikiposti mshono inboksi inajaa maswali yaleyale. "Dada nimefungua ofisi mwezi wa tatu huu wateja hawaji nifanyeje", "nibusti shilingi ngapi", "nichapishe flaya au niingie TikTok". Nimejibu mmojammoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, akikuuliza mwenzio mtumie hii.

Mi ni fundi cherehani, nipo Tabata, nashona nguo za kike na sare za shughuli, vyerehani vitatu na vijana wawili. Sijasomea mambo ya masoko wala sijui maneno yao. Haya ni niliyofanya mwenyewe na mengine ni niliyokosea yakaniuma mfukoni. Kama we unasuka, unaoka keki au una kibanda cha chipsi, badilisha mifano, njia ni ileile.

Niwaambie kwanza kosa langu. Desemba moja hapo nyuma nililipia tangazo Instagram, elfu sitini kwa siku sita, ofa ya gauni la kitenge elfu ishirini na tano. Lilifanya kazi bwana, tena vizuri sana, ndani ya wiki mbili wakaja watu 38 na vitenge vyao mkononi na mi nikapokea vyote, kishika uchumba, yaani hela ya kutanguliza, nikachukua, nikawa najiona nimetoboa. Tarehe 24 saa sita usiku nilikuwa na magauni 11 hata mkasi hayajaguswa. Kuna dada alikuja na mama yake mzazi wakabeba kitenge chao, yule mama hakusema neno ila alivyoniangalia sijasahau mpaka leo, na yule dada ni katibu wa kikoba chenye akina mama thelathini. Januari simu haikuita. Februari ikaita mara mbili. Kwa hiyo mtu akiniambia "nataka wateja wengi" huwa namuuliza, wangapi?

VITU VYA KUWA NAVYO

- Kaunta buku moja, ya matangazo peke yake, usichanganye na ya vipimo.
- Laini ya simu ya biashara. Usitumie ile ambayo mdogo wako anapigia kuomba vocha na mtoto anachezea gemu.
- Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la ofisi. Mteja mgeni akiona jina la biashara linatokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri, anatulia.
- Picha kumi za kazi ULIZOSHONA WEWE. Narudia, wewe.
- Bei zako zimeandikwa kwenye karatasi, kuanzia sketi mpaka gauni la bibi harusi. Kama bei inakaa kichwani maana'ke inabadilika kwa kumwangalia mteja viatu, na wateja wanaambiana.
- Hela kidogo. Mi naanzia elfu thelathini kwa mwezi, na mwezi mwingine haiishi.

HATUA

1. Jua una nafasi ngapi

Andika nguo ulizomaliza wiki nne zilizopita, zilizomalizika kweli zikachukuliwa, sio zile zinazoning'inia ukutani zinasubiri zipu. Gawanya kwa nne. Kwangu ilikuja 14 kwa wiki. Alafu angalia oda zinazokuja zenyewe bila kutangaza, kwangu zilikuwa kama 9. Kumi na nne toa tisa, tano. Hizo tano ndo unazotangazia, basi. Ukishajua unatafuta watu watano kwa wiki utaona hata hofu inapungua, maana watu watano huhitaji bango la barabarani, watano wapo kwenye simu yako sa hivi hujawasemesha tu.

Angalizo: kama hesabu inakuja sifuri, yaani umejaa, usitangaze. Tafuta kijana wa kukusaidia au pandisha bei kidogo. Mi natangaza nikiwa na nafasi, nikijaa nakaa kimya au naandika "oda za mwezi huu zimefungwa, napokea za tarehe 3", na hilo lenyewe ni tangazo, watu wanaanza kukutafuta.

2. Uliza "umenijuaje?"

Kila anayeingia, kabla hujashika futi kamba, muulize. Andika. Fanya hivyo kwa wateja thelathini. Wangu walikuja hivi: 17 waliambiwa na ndugu au waliona nguo imevaliwa na mtu wakamuuliza kashona wapi, 6 walikuwa wanapita njia, 4 stetasi ya WhatsApp, 2 Instagram, mmoja kasema hakumbuki. Wakati huo hela yangu yote ya matangazo ilikuwa inaenda Instagram, kwa wale wawili!

Zako zinaweza kuwa tofauti kabisa, ukiwa na ofisi stendi wapita njia watakuwa wengi. Usiige zangu.

3. Chagua kitu kimoja cha kukumbukwa nacho

Hapa watu wanabisha sana. "Mi nashona kila kitu dada." Najua, hata mi nashona kila kitu, nashona mpaka mapazia. Ila mtu hakumbuki "fundi wa kila kitu", anakumbuka "yule fundi wa sare za shughuli" au "yule anayejua mashati ya wanaume wenye vitambi". Andika sentensi moja yenye kazi gani, ya nani, siku ngapi, wapi. Yangu ni hii: *Nashona sare za kitchen party na sendoff kuanzia watu watano, siku kumi, Tabata.* Mwambie jirani yako muuza maji, kesho yake muulize we unafanya kazi gani. Akirudisha vizuri umepata, akisema "si unashonaga nguo" rudi ukaandike upya.

Mapazia bado nashona, ila siyatangazi.

4. Panga mwaka wako kwa kurudi nyuma

Hii ndo hatua yenye hela na ndo watu wanairuka. Nguo ina tarehe ya kuvaliwa. Kwa hiyo tangazo linahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuvaa, mi natumia wiki sita: wiki mbili za kwanza unakumbusha, wiki tatu unapokea na kushona, ya mwisho ni ya kurekebisha na umeme kukatika. Umeme utakatika, uweke kwenye hesabu.

Zangu ziko hivi:

Januari ni sare za shule, kwa hiyo naanza kuwasemesha wazazi mwanzoni mwa Desemba kabla hela haijaenda kwenye pilau.

Machi 8, Siku ya Wanawake. Jamani hii msiiache. Vikundi vya akina mama, ofisi, walimu, manesi, wote wanataka kitenge kimoja wapige picha. Mi wiki ya mwisho ya Januari nishaanza kuwapigia wenyeviti wa vikundi, na ikifika Februari 20 nafunga, sipokei hata akija na machozi.

Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka jana, fungua kalenda. Tangaza kabla mwezi haujaandama wa kuanza kufunga. Mtu akishafika kumi la mwisho la Ramadhani kila fundi amejaa na wote tunadanganya.

Septemba na Oktoba kuna mahafali ya la saba na fomu foo, mama anataka apendeze kuliko mtoto. Desemba harusi, Krismasi, watu wanasafiri kwenda kwao wanataka waonekane mjini wanaishi vizuri.

Humo ndani ya mwezi nako angalia mishahara. Tarehe 25 mpaka 5 ndo naweka bei na ofa. Katikati ya mwezi naweka kazi tu, video ya kijana anapiga pasi, nguo iliyoisha, basi. Ukimwekea mtu ofa tarehe 17 unamtesa.

5. Mlango wako kwanza, intaneti baadaye

Toka nje, vuka barabara, jiangalie. Mtu aliyekaa kwenye bajaji inapita anasoma nini? Bango langu la kwanza lilikuwa na jina la ofisi kwa maandishi ya kujipinda, ua, cherehani, maneno "ubunifu wetu ndio fahari yenu" na namba ya simu ndogo kama ya kwenye kopo la dawa. Hakuna aliyejua nashona nini. La pili lina vitu viwili tu, SARE ZA SHUGHULI na namba, herufi nyeupe kwenye bluu nzito. Kabla hujaning'iniza ulizia halmashauri na serikali ya mtaa kuhusu tozo za mabango ili usije ukang'olewa.

Mdoli wa nguo ukiwa nao mbadilishe nguo kila Jumatatu. Nguo ikikaa miezi miwili imepauka na vumbi unatangaza kwamba huna kazi.

Alafu jiweke Google Maps, ni bure, tengeneza profaili ya biashara, weka saa za kufungua, namba na picha ya mlango kama unavyoonekana kutoka barabarani. Wanaweza kukutaka urekodi video ya ofisi kuthibitisha upo, usiogope. Hata hivyo kwa mitaa yetu ramani haitoshi, rekodi sauti moja ya kuelekeza, shuka kituo fulani, duka la dawa mkono wa kulia, ulizia fundi, uihifadhi uwe unawatumia wote.

6. WhatsApp, na hapa tukae kidogo

Pakua WhatsApp Business, ile yenye B, ni bure. Weka ujumbe wa salamu unaojituma mwenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza, na humo weka bei za kuanzia. Wangu unasema: "Karibu. Gauni la kawaida kuanzia 30,000, sare za kikundi kuanzia 25,000 kila mmoja, siku kumi. Tuma picha ya mshono na tarehe ya shughuli." Huo ujumbe mmoja umenipunguzia nusu ya kuchati usiku. Weka katalogi, nguo kumi zinatosha, kila moja na bei yake. Huu ugonjwa wa "bei njoo inboksi" sijui nani alituletea, mi mwenyewe nikiona hivyo napita.

Weka na lebo: amepimwa, ameacha kishika uchumba, tayari, anadaiwa. Utanishukuru tarehe 20 Desemba.

Stetasi inakaa saa 24 alafu inapotea, na mtu anaiona kama nyote wawili mmehifadhiana namba. Hapo ndo wengi wanapokwama, una namba mia nne za wateja ila wao hawajakusevu, unajiongelea peke yako. Kwa hiyo siku ya kupima, simu yake ikiwa mkononi, mwambie akusevu "Fundi" na jina lako mbele, ili usichanganyike na mafundi wake wengine. Anacheka, anasevu. Na wewe msevu hapohapo pamoja na kitu cha kumkumbukia, Mama Junia kitenge cha njano.

Tupia vitu vitatu mpaka vitano kwa siku. Ukitupia arobaini ile mistari ya juu inakuwa vidoti kama sisimizi na watu wanakuruka. Saa moja asubuhi wapo kwenye daladala, saa mbili usiku wamemaliza kula, hizo ndo saa zangu.

Kuna ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, orodha moja inachukua watu 256, na inafika kwa aliyekusevu tu. Mi naitumia mara mbili kwa mwezi, sio zaidi, na naandika kama naongea na mtu: "Habari dada, Machi 8 imekaribia, kikundi chenu mwaka huu mnavaa nini? Nina nafasi za vikundi viwili tu mpaka tarehe 20." Usiandike "NDUGU MTEJA WETU MPENDWA".

Na magrupu jamani. Grupu la familia mara mojamoja sawa. Kuna mwenzetu alitupia vijora kwenye grupu la msiba, watu wanachangia jeneza, yeye "saizi zote zipo". Mpaka leo anaitwa Saizi Zote.

Kuhusu picha: muombe mteja ruhusa kabla hujaposti sura yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria kuna watu hawataki mume ajue wameshona nguo mpya. Mi naandika kwenye kaunta buku ndiyo au hapana. Akikataa napiga nguo ikiwa kwenye mdoli. Na usichukue picha za Pinterest ukasema umeshona wewe, mteja ataleta kitenge chake akisubiri ile nguo, na wewe unajua mkono wako unafika wapi.

7. Tafuta watu wanaosikia shughuli kabla yako

Nani anajua kuna sendoff kabla kadi hazijachapishwa? Dada wa saluni. Muuza vitenge. Anayekodisha viti na maturubai. MC. Chagua wawili tu uanze nao, nenda na kitu mkononi, ongea. Makubaliano yangu na dada wa saluni ni elfu tatu kwa kila mtu aliyemleta akalipa, na namtumia siku ileile, sisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu ukimcheleweshea mara moja anaanza kumpelekea fundi mwingine na hakwambii.

Kwa sare kuna dawa moja kubwa. Kila kikundi kina mama mmoja anayekusanya hela na kusumbua watu. Huyo mshonee yake bure kikundi kikifika watu kumi. Piga hesabu, wenzake 12 kwa 25,000 ni laki tatu, wewe umetoa kazi ya siku moja na uzi na zipu, na umepata mtu anayekutangazia bila kulala. Usimpe punguzo la jumla kwa kikundi kizima, halina wa kulisimulia.

Shona na lebo ndogo yenye namba yako ndani ya shingo. Mtu akiulizwa "umeshona wapi" shughulini, anageuza kola.

8. Kubusti ndo mwisho

Umefanya saba za juu kwa miezi miwili na bado nafasi zipo? Sawa, lipia tangazo. Picha moja, bei moja, kitufe cha kwenda WhatsApp, na chagua eneo la kilomita chache kuzunguka ofisi. Mara ya kwanza niliacha Tanzania nzima, nikachati na watu wa Mwanza na Mbeya usiku kucha wakati futi kamba yangu haifiki Mwanza. Weka kiasi ambacho kikipotea hutanuna, siku tatu, simamisha, hesabu waliokuja kupimwa. Laiki usizihesabu.

9. Jumapili jioni, dakika kumi na tano

Andika namba tatu: waliouliza, waliopimwa, waliolipa. Utaona kunavujia wapi.

UKIKWAMA

Wanauliza bei wanapotea. Mara nyingi sio bei, ni jibu limechelewa au limekuja kavu, "35". Jibu bei na swali: "35,000 na bitana ndani, shughuli ni lini?" Akishataja tarehe umeshaanza kazi. Kesho yake mkumbushe mara moja, basi, usimfukuzie.

Stetasi zinaangaliwa na watu sita. Hawajakusevu. Rudi hatua ya 6.

Wanapimwa, hawaleti hela. Hujadai kishika uchumba. Nusu kabla ya mkasi, hata kwa shoga yako, hasa kwa shoga yako.

Jirani kashusha bei mpaka elfu kumi na tano. Mwache. Angalia anamaliza saa ngapi na nani anarudi. Ukishusha na wewe mtafika elfu tano wote wawili na mwenye nyumba bado anataka kodi ileile. We taja siku zako na uzitimize.

Umetangaza wiki sita hakuna anayeuliza kabisa. Muulize tena muuza maji unafanya kazi gani.

Umeshajaza, tarehe inafika na nguo haijaisha. Piga simu wewe kabla hajapiga yeye, siku mbili kabla na sio saa mbili kabla. Mwambie ukweli, kazi mpe fundi mwenzio umlipe hata kama hubaki na kitu, na mpelekee nguo kwa bodaboda kwa hela yako. Yule katibu wa kikoba nilimpigia Machi kuomba msamaha, hakupokea. Nikamshonea mama yake blauzi kwa vipimo vilivyokuwa bado kwenye daftari, nikatuma na bodaboda bila maelezo. Mwezi wa nane akaja na vitenge vitatu, akaketi, akaniuliza, "Siku ngapi safari hii?"